Makopo Saba kwa Jirani

Watu wa mradi walipopita mtaani kwetu Mocímboa kugawa ndoo za taka, mama yangu alizipokea kwa mikono miwili na kuwaombea dua. Kila nyumba ilipewa mbili, zote na mifuniko: ya manjano kwa ajili ya plastiki, ya kijani kwa ajili ya chupa na mikebe. Mimi nilikuwa shuleni nafundisha. Niliporudi mchana niliikuta ya manjano imeoshwa na kujazwa maji ya kunywa, na ya kijani ina unga wa muhogo mpaka shingoni. Mama alikuwa amekaa katikati yao, uso umemnawiri.

"Watu hawa wana imani," akaniambia. "Hata mifuniko inafunga."

Nikamweleza kwamba ndoo zile zilikuwa za kutupia.

"Kutupia nini?"

Lilikuwa swali la haki. Tangu ahamie kwangu, nyumbani mwangu hapakuwa na kitu cha kutupa. Kopo la margarina lilikuwa bakuli, kopo la maziwa ya unga lilikuwa kipimo cha mchele. Chupa ya maji ilitiwa mafuta ya nazi, na ikipasuka ilikatwa shingo, shingo ikatumika kumiminia mafuta ya taa na kitako kikawekwa sabuni. Nilikuwa na rafu moja ya vitabu. Mama aliviweka vitabu chini ya kitanda na kuyapanga makopo hapo kwa ukubwa, yaliyo na mifuniko juu, yasiyo na mifuniko chini, kila moja likiwa na alama yake ya vitone viwili alivyochoma kwa msumari wa moto chini ya ukingo. Nikitaka kusoma ilinibidi nilale kifudifudi sakafuni.

Alhamisi ya kwanza akaja mama wa mradi kukusanya. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye fulana ya kijani na daftari, na mimi nikajificha nusu nyuma ya pazia ili nione vizuri.

"Plastiki zenu ziko wapi, mama?"

Mama akampeleka kwenye rafu. "Hizi hapa."

"Hizi ndizo za kutupa?"

"Astaghfirullah."

Yule mwanamke hakukasirika. Akaeleza vizuri sana, kuliko mimi ninavyoeleza darasani: plastiki hukusanywa, hupakiwa kwenye lori, hupelekwa mbali, huko huoshwa, huyeyushwa, kisha hutengenezwa vitu vipya.

"Kama vitu gani?" mama akauliza.

"Kama ndoo. Kama makopo."

Mama akafikiri. "Mnachukua kopo, mnaliyeyusha, mnapata kopo."

"Ndiyo, mama."

"Na hili, ambalo ni kopo tayari, lina kosa gani?"

Mwanamke akanigeukia anisaidie. Mimi nilikuwa naangalia dari. Akaandika kitu kwenye daftari lake, na kwa kuwa mwalimu yeyote anaweza kusoma maandishi yaliyopinduliwa, nikasoma kwa Kireno kwamba familia hii inahitaji kuelimishwa. Familia hii! Mimi niliyewafundisha kusoma nusu ya watoto wa mtaa ule! Nilinuna mpaka magharibi.

Mama hakuianza tabia hiyo Mocímboa. Mimi nimekulia Olumbi, kwenye nyumba iliyotazama barabara, magari ya Palma na ya Mocímboa yakipita mbele yetu, na abiria wakitupa chupa dirishani. Sisi watoto tulikuwa na sheria: chupa ni ya aliyepiga kelele "yangu!" kabla haijagusa ardhi. Nilikuwa na sauti kubwa kuliko wote, na nadhani ndiyo iliyonifikisha kwenye ualimu. Chupa yenye kifuniko tuliihesabu kama mbili. Nikiipeleka nyumbani mama aliinusa, akaigonga kwa ukucha, akaipa kazi: hii ya mafuta, hii ya asali, hii ya dawa ya kombe kutoka kwa mwalimu wa madrasa. Taka zetu zilikuwa majivu na mifupa ya samaki, na hata mifupa ilikuwa na wenyewe, yaani paka.

Vyombo vile havikukaa tu. Vilitembea. Mama akipika kitu kizuri, kopo moja lilikwenda kwa jirani, na jirani naye alilirudisha na kitu ndani, kwani kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Kama huna chakula unatia ndimu tatu, huna ndimu unatia chumvi. Kurudisha kitupu ni sawa na kumwambia mtu asikuletee tena. Hakuna aliyetufundisha hayo. Tuliyajua kama tulivyojua kwamba mbwa anauma.

Mbebaji wa makopo hayo nilikuwa mimi, na sikuwa mbebaji mwaminifu. Siku moja jirani alitia vipande vinne vya mkate wa kumimina. Safari ilikuwa ndefu, hatua kama sitini, na kila safari ina gharama zake, nikala kimoja. Vikabaki vitatu. Vitatu havigawanyiki vizuri, ikabidi nirekebishe. Viwili navyo vikaonekana vichache mno, nikaona vitamwaibisha yule mama wa watu, afadhali nimsitiri. Nilipofika karibu na ua wetu kopo lilikuwa tupu na mimi nimeshiba, ndipo nikashtuka. Nikachuma ukwaju njiani, nikatia konzi mbili, nikaingia ndani na uso wa malaika.

Mama alipokea, akashukuru. Baadaye jirani akamwita juu ya ua: "Mkate ulikuwaje?" Mama hakupepesa hata jicho. "Mtamu, Mungu akulipe." Kisha akaingia ndani, akalishika sikio langu, na sikio hilo mpaka leo ni refu kidogo kuliko la pili. Hakunipiga kwa sababu ya mkate. Alinipiga kwa sababu kwa muda wa saa nzima alikuwa amemdhania mwenzake kuwa mtu wa kurudisha ukwaju.

Sasa nirudi Mocímboa. Vita vilipokuja tulikimbia, tukatawanyika, tukarudi, kama watu wote wa huku, na mama aliporudi Olumbi hakukuta hata kijiko. Akaanza upya, kopo kwa kopo. Kisha presha ikampanda mara mbili, mara ya pili akaanguka kisimani, nikamfuata nikamleta kwangu karibu na hospitali. Alikuja na kifurushi kimoja akasema amekuja kutembea tu. Miezi minane baadaye bado alikuwa anatembea tu. Kifurushi chake kilikaa kimefungwa mlangoni, na mimi nilikuwa nakipita kila asubuhi nikienda kazini bila kukitazama.

Jirani yetu wa ukuta alikuwa mwanamke wa rika langu, Mmakonde kutoka Mueda, Mkristo, mwenye watoto watatu na mume aliyekuwa akisubiri kuitwa kazini tangu wahamie pale. Mpole, mwenye haya. Mama alimpenda siku ya kwanza tu, kwa sababu alimwona akianua nguo za mtu mwingine mvua ilipoanza kudondoka. Ijumaa iliyofuata akapika wali na samaki wa nazi, akajaza kopo, akanituma. Jirani akapokea kwa heshima zote, akasema "obrigada, vizinha," yaani ahsante, jirani, akafunga mlango.

Kopo halikurudi.

Mama akasema labda ana shughuli. Ijumaa ya pili akapeleka matapa ya kisamvu. Ya tatu, maandazi. Ya nne, muhogo wa nazi. Hakurudi mtu, hakikurudi kitu. Mama akaanza kukaa kwenye kizingiti mchana, akijifanya anachagua mchele, na mchele wenyewe ulikwisha kuchaguliwa jana yake.

Mbaya zaidi, jirani alikuwa mwanafunzi bora wa mradi. Kila Alhamisi ndoo yake ya manjano ilikuwa imefurika, na mama wa mradi akimsifu kwa sauti ili sisi tusikie: tazameni jirani yenu! Mimi na mama tukatazamana. Plastiki yote hiyo imetoka wapi?

Alhamisi moja, kabla ya kwenda shule, nilihakikisha barabara haina mtu, nikainama, nikaingiza kichwa ndani ya ndoo ya jirani. Nilikuta chupa ambazo wanawe walikuwa wakiokota mitaani, vifuko, kandambili moja iliyokatika, na chini kabisa kopo la margarina. Nikaligeuza. Halikuwa na vitone.

"Professora, umepoteza kitu?"

Mama wa mradi alikuwa amesimama nyuma yangu na daftari lake.

"Kijiko," nikasema.

"Cha plastiki?"

"Cha plastiki."

"Basi kiache humo humo," akasema kwa furaha. "Ndiyo ndoo yake."

Nikaenda shule na kifuko cha chumvi kimenasa kwenye kilemba. Nilikata shauri kwamba makopo yetu yalikwishakwenda na mizigo ya wiki zilizopita, yako mbali, yameyeyuka, yanageuzwa makopo.

Kopo la saba lilipokwenda na kupotea, mama akaacha kupika vya kugawa. Akafungua kifurushi chake, akakunja upya nguo, akakifunga tena.

"Mvua zikikaribia ntarudi Olumbi kulima," akasema.

"Mama, na presha?"

"Kule nnajulikana. Mahali ambapo chombo cha mtu hakirudi, mtu atakaa vipi?"

Niliogopa, nasema kweli. Nilijua atakavyosahau dawa, nilijua kisima kilipo na umbali wa kukifikia, na nilijua kwamba akianguka tena hapatakuwa na sauti yangu kubwa ya kuita watu. Na mama yangu hakatazwi. Zaidi ya hapo nilikuwa na hasira na yule mwanamke wa upande wa pili wa ukuta, mwenye haya zake na ndoo yake iliyojaa.

Ndipo ujuzi wangu wa utotoni uliponijia. Ikiwa mbebaji anaweza kutoa kilichomo, kwa nini asiweze kutia? Nikaiba kopo moja nyuma ya rafu, nikalificha kwenye mkoba wa madaftari, nikapita sokoni nikalijaza machungwa, nikaingia nyumbani nalo mchana kweupe.

"Jirani kanipa hapo nje. Anasema umsamehe kwa kuchelewa."

Mama alilishika lile kopo, akayatoa machungwa moja moja, akayapanga mkekani. Kisha akainuka, akaenda kwenye ukuta wa mabati, akaita kwa sauti ya Olumbi, ambayo mimi niliirithi: "Vizinha! Ahsante kwa machungwa! Matamu!"

Upande wa pili ufagio ukaacha kufagia. Halafu sauti ndogo: "Haya, mama."

Nilijipongeza! Wiki iliyofuata ikawa korosho. Mama akashukuru ukutani, kwa sauti. Iliyofuata, ndizi. Mama akashukuru tena, mpaka wapita njia wakajua. Akarudia kupika, makopo yakatoka tena, mimi nikiyabeba kwenda na mengine nikiyaleta kutoka sokoni, na habari ya mvua na kilimo ikapotea mdomoni mwake. Nilikuwa nalisha nyumba mbili na kudanganya zote, na nililala usingizi mnono kabisa.

Jambo moja tu lilinishangaza. Jirani alianza kutukwepa. Nguo akazianika upande wa pili wa nyumba. Mama akitoka uani, watoto wa jirani waliitwa ndani. Siku moja nilimsalimia kisimani akaitika akiwa amelitazama dumu lake. Nikasema moyoni: shukrani ya punda.

Mama aliugundua uongo wangu Ijumaa moja asubuhi, akiosha vyombo.

"Njoo hapa."

Mbele yake alikuwa ameweka makopo matatu "yaliyorudi".

"Hili lina ufa kwenye mfuniko," akasema. "Mie nimpelekee mtu chakula kwenye kopo la ufa?"

Nikatazama mlango.

"Na hili nilitia iliki tangu nimekuja. Nusa. Hili halijawahi kutoka humu ndani."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imetoka rafuni ikaishia sokoni.

"Korosho ulinunua kwa nani?"

"Kwa yule wa pembeni ya msikiti."

"Hakuzikaanga vizuri," mama akasema, na nikaona mdomo wake unataka kucheka. Nikaanza kucheka mimi. Lakini mama akaliangalia lile kopo mkononi, na uso ukambadilika.

"Basi mie nimemshukuru yule mtoto wa watu kwa vitu ambavyo hakunipa. Mara tatu. Kwa sauti."

"Si neno, mama, hakuna..."

"Chukua kanga yako. Twende."

"Tuchukue nini?"

"Usichukue kitu."

Sijawahi kumwona mama akienda kwa mtu mikono mitupu. Alipiga hodi mwenyewe. Jirani alifungua mlango nusu, alipotuona akaufungua wote, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye mikono yetu, kisha yakashuka chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa habari ya makopo yangu."

Jirani aliingia ndani. Alirudi na furushi la capulana, kitambaa cha kujifunga kama kanga, akaliweka sakafuni, akalifungua. Makopo yalikuwa humo, saba ya mwanzo na yale ya baadaye, yamepachikwa moja ndani ya jingine, mifuniko imewekwa pembeni kwa ukubwa wake. Yalikuwa yanang'aa. Hata ukingoni, pale kwenye vitone viwili, palikuwa pamesuguliwa.

"Yote yapo, mama," akasema. "Nimeyaosha siku ile ile kila moja. Nilikuwa nasubiri nipate kitu cha kutia. Kwetu pia hatumrudishii mtu chombo kitupu. Mume wangu kila siku wanamwambia wiki ijayo, nami nikasema wiki ijayo. Halafu mama ukaanza kunisema ukutani. Machungwa. Korosho. Ndizi. Nikajua mtaa mzima unasikia kwamba mie nnakula tu sirudishi."

Hakulia. Ingekuwa afadhali alie. Mimi nilisimama pale, mwalimu mwenye cheti, na nilitamani ile ndoo ya manjano inimeze mzima.

"Mwenye machungwa ni huyu," mama akasema, akaninyooshea kidevu. "Sema."

Nikasema yote, tangu rafuni mpaka sokoni. Kwa mara ya kwanza maishani nilisema kwa sauti ndogo. Nikaeleza hata habari ya kijiko cha plastiki, ambayo hakuna aliyeniuliza. Jirani akajifunika mdomo kwa mkono, na mabega yakaanza kutikisika, nami sikujua kama ni kicheko au kilio mpaka mama naye alipoanza kucheka.

Walipotulia, mama akainama, akachukua kopo la juu kabisa, akampa.

"Nitilie maji."

"Maji, mama? Maji si kitu."

"Umeyatoa wapi?"

"Kisimani. Asubuhi."

"Umeyabeba kwa kichwa?"

"Ndiyo."

"Basi ni kitu. Tia."

Jirani akaenda kwenye dumu lake, akajaza kopo mpaka kwenye ukingo, akachagua mfuniko wake akaufunga, akaujaribu kwa kidole. Akamkabidhi mama kwa mikono miwili, na mama akapokea kwa mikono miwili. Nikainama kuyakusanya yale mengine.

"Yaache," mama akaniambia. Akamgeukia mwenzake. "Haya yakae kwako. Utanipelekea siku yoyote. Mie siendi popote."

Maji yale mama aliyapikia chai jioni ile. Yalikuwa na ladha ya sabuni, kwa jinsi lile kopo lilivyosuguliwa. Mimi nilishindwa na kikombe changu katikati. Mama alimaliza chake, akamalizia na changu.